Kalemie: « ville » haifufuki kwa kufukuza wamama wa soko

Wakaaji wa Kalemie, vijana wenzetu,

Katika miji mingi ya inchi yetu, kila mara mukubwa fulani anapofika, ahadi ni ile ile: tutafufua « ville », tutapaka rangi, tutaweka taa, muji utangaa. Watu wanapiga makofi. Kiisha, kazi ya kwanza inayoonekana ni polisi wanaovunja vibanda, wanamwaga ndagala ya wamama chini, wanabeba mizigo yao na kuipeleka mahali hawawezi kuifuata. Hiyo njo inaitwa kusafisha muji.

Tangu Kalemie ikuwe makao makuu ya jimbo la Tanganyika, mwaka wa 2015, ni haki tuulize: ville yetu itakuwa ya namna gani, na itakuwa ya nani? Sisi hatupingi kuifufua. Tunataka ifufuke, maana ni sisi vijana tunaozunguka pale toka asubuhi mpaka jioni bila kazi. Lakini tunasema mapema, mbele ya mashine kuanza kunguruma: ville haifufuki kwa kufukuza watu. Inafufuka wakati watu wako na sababu ya kushuka pale.

Tunafufua nini?

Muji wetu haukuzaliwa ju ya majumba mazuri. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka wa 1914. Upande wetu, reli ya Kabalo ilifika hapa mwaka wa 1915, wakati muji uliitwa Albertville. Mutu alishuka ku treni, akapanda meli. Muzigo ulishuka ku meli, ukapanda treni. Katikati ya lagare na bandari kukazaliwa maduka, depo, hoteli na ofisi. Ville yetu ni mahali pa kubadilisha safari. Wakati treni inakawia, wakati meli haitoki, maduka pia yanalala.

Kuko wazee wanaosema: « zamani ville ilikuwa safi ». Sawa, lakini ilikuwa safi kwa nani? Wakati wa Wabelgiji, ville ilikuwa ya wazungu, na wazee wetu walikuwa na cité. Mwafrika alishuka mchana kwa kazi, na usiku alipashwa kuwa amerudi kwake, ao aonyeshe karatasi ya ruhusa. Kama kufufua ni kurudisha ile picha, hapana, hatuitaki.

Wazee wengine wanakumbuka Filtisaf, kiwanda cha nguo. Ile kumbukumbu iko na maana, ju mufanyakazi mwenye mushahara alikuwa anashuka ville kununua. Kiwanda kikasimama, mishahara ikakatika. Leo anayeingiza franka katika ville kila asubuhi ni mama wa mikebuka, muuza mafuta ya mawese, kijana wa unite, motari, fundi wa simu. Ukiwaondoa hao, utabakia na barabara nzuri isiyo na mutu. Na mwenye duka kubwa pia atafunga, kwa sababu wanunuzi wake wanakuja pale kwa ajili ya soko.

Kwa hiyo tunaleta mawazo matano. Hakuna hata moja linalongoja mamilioni ya dola kutoka inje.

1. Maji kwanza

Ziwa Tanganyika liko na mulango mumoja tu wa kutokea, ni Lukuga yetu. Mwaka wa 1874, Mwingereza Cameron alifika pale akakuta mulango umejaa majani na matope. Miaka michache kiisha, maji yalipasua kile kizuizi na ziwa likashuka mita nyingi. Maana yake, ziwa hili linapanda na kushuka toka zamani, mbele ya sisi kuzaliwa. Mwaka wa 2020 na 2021 lilipanda, mwaka wa 2024 tena. Watu wa Kalemie, Uvira na Bujumbura waliona maji ndani ya nyumba.

Tunaomba jambo rahisi: serikali ya jimbo na meya wapime mahali maji yalifikia, waweke alama zinazoonekana na kila mutu. Chini ya ile alama, ruhusa ya kujenga nyumba ya kudumu isitolewe tena, hata kwa mutu mwenye mukono mrefu. Pabakie mahali pa kushusha samaki, pa miti, pa watoto kucheza mpira. Na familia zinazoishi pale? Kifungo cha 34 cha Katiba kinasema mutu haondolewi ku mali yake bila kulipwa kwanza fidia ya haki. Kwanza fidia na kiwanja kingine, nyuma njo kuhama.

Hapo hapo, kanivo. Mvua inaposhuka kutoka vilima inaleta muchanga na plastiki mpaka barabarani. Salongo ya Siku ya Posho inasaidia, lakini salongo haiwezi kujenga kanivo ya sima. Hiyo ni kazi ya bajeti.

2. Lagare na bandari zifunguke kwa wadogo

SNCC ni mali ya Serikali, kwa hiyo ni yetu. Depo na viwanja vyake vinavyokaa bure karibu ya reli vinaweza kukodishwa kwa vyama vya wauzaji, kwa bei ndogo, na mukataba ulioandikwa. Mama anayepokea muzigo kutoka Kigoma ao Moba ahitaji mahali pakavu pa kulaza muzigo wake usiku mumoja. Leo mvua moja inaweza kumaliza mutaji wake wa mwaka. Chumba chenye baridi kwa samaki pia kiko na maana: umeme wa Bendera unakuja mpaka hapa, na kazi ya kwanza ya ule umeme ingefaa kuwa kulinda chakula na kuangazia soko, mbele ya kuangazia bango la mutu.

3. Majumba ya zamani

Kuko nyumba za zamani katika ville zinazoanguka polepole. Mwenyewe hajulikani, ao familia zinagombana, ao ni ya Serikali na mutu fulani alijipatia ufunguo. Tunaomba orodha ya wazi: nyumba gani ni ya nani. Zile za Serikali zitolewe kwa mukataba: kijana fundi ao chama kinatengeneza paa na madirisha, na pesa alizotumia zinahesabiwa kama kodi ya miaka kazaa. Hivyo nyumba inapona na kijana anapata karakana. Lakini kama orodha inafanyika kwa siri, tunajua tayari mwisho: nyumba zitauzwa, na tutasikia habari wakati ukuta unavunjwa.

4. Takisi ya soko irudi sokoni

Kila siku muuzaji analipa, na mara mingi hapati kitansi. Anakaa kutwa nzima mahali hakuna choo wala bomba la maji. Tunaomba takisi moja kwa siku, kitansi kimoja chenye namba, na kila mwezi tangazo linalobandikwa sokoni: tulikusanya kiasi hiki, tulifanya hiki. Pesa ya kwanza iende ku choo na maji. Mwanamuke anayeuza siku nzima bila choo anajua kuliko mutaalamu yeyote sababu gani ville imekufa.

Na pesa ya juu je? Kifungo cha 175 cha Katiba kinapatia majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema miji, komini, sekta na shefferi zina haki ya asilimia 40 ya ile sehemu ya jimbo. Viongozi wetu wa muji watuambie hadharani: ni kiasi gani kimefika, na kama hakifiki, ni nani aliyekizuia.

5. Wauzaji wakae ku meza

Hakuna mupango wa ville utakaofaa kama unaandikwa bila wauzaji, motari, wavuvi, wafanyakazi wa reli na watu wenye ulemavu. Katika makao makuu ya majimbo, washauri wa komini walichaguliwa mwezi wa Desemba 2023. Tuliwapigia kura. Basi waitishe mukutano wa wazi, wakuje na karata ya muji, watuonyeshe ni wapi kutavunjwa na ni wapi kutajengwa. Kama soko itahamishwa kwa muda, soko mupya ikuwe tayari mbele ya kufunga ya zamani, na orodha ya meza itangazwe, ili mama wa leo asikute kesho meza yake ina jina la bibi ya mukubwa.

Sasa tufanye nini?

Kifungo cha 27 cha Katiba kinapatia kila Mukongomani haki ya kuandikia wenye mamlaka ombi, yeye peke yake ao pamoja na wengine, na wenye mamlaka wanapashwa kujibu katika miezi 3. Tuitumie. Tupite meza kwa meza, duka kwa duka, tukusanye sahihi za haya mambo matano, tupeleke kwa meya na kwa gavana, na kopi ibakie kwetu yenye muhuri na tarehe. Kiisha tutahesabu siku.

Wakijibu, tutakaa nao tufanye kazi. Wakinyamaza, tutarudi mbele ya ofisi yao, mikono mitupu, bila jiwe, na karatasi yetu mukononi. Mama wa ndagala hana mahali pengine pa kwenda. Na sisi vile vile.

Ville ni ya wote, ao si ya mutu.