Kuipita Kache Si Kuufikia Ukweli

Imani moja imeenea miongoni mwetu tunaosomea kompyuta: ukitaka kujua kasi ya kweli ya diski, ipite kache ya mfumo endeshi, kisha upime. Namba ikitoka ndogo, mpimaji hutangaza kwamba diski ni mbovu au kwamba Linux ilikuwa ikimdanganya. Naipinga imani hiyo, kwa sababu inatufanya tuandike ripoti za maabara zisizo na maana na kuwashauri vibaya watu wanaotuamini.

Nakubali jambo moja. Programu inapoandika faili, kwa kawaida Linux huiweka data kwenye RAM kwanza na kujibu kwamba kazi imekwisha, hata kama diski haijaguswa. Amri ya dd ikikuonyesha gigabaiti 2 kwa sekunde kwenye diski ya kuzunguka, umepima RAM. Hapo wenzangu wako sahihi. Wanapotea pale wanapoongeza oflag=direct, namba ikaporomoka, nao wakashangilia kwamba sasa wameuona ukweli.

Ukweli upi? Usipoiambia vinginevyo, dd huandika baiti 512 kwa mara moja. Kache ikiwepo, mfumo hukusanya vipande hivyo na kuvipeleka diskini kwa mafungu makubwa. Kache ikipitwa, kila kipande husafiri peke yake, na cha pili hakiondoki mpaka cha kwanza kijibiwe. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde. Kila ombi la kilobaiti 4 likilazimika kusubiri mzunguko mzima, utapata kilobaiti 480 tu kwa sekunde. Diski hiyo hiyo ikipewa mafungu ya megabaiti kadhaa inaweza kuvuka megabaiti 100. Diski haikubadilika. Kilichobadilika ni swali.

Katika kusoma ni vivyo hivyo. Faili ikisomwa kwa mfululizo, Linux hutangulia kuleta data ambayo programu bado haijaiomba. Ukiipita kache, msaada huo unaukosa, na wewe mwenyewe ndiye uliyeukataa. Kwa nini lawama apewe aliyetengeneza diski?

Wapo watakaosema kwamba hifadhidata kubwa huipita kache. Ni kweli, InnoDB ya MySQL inaweza kufanya hivyo, lakini ina kache yake yenyewe na inajua kurasa zipi zinahitajika. PostgreSQL, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, imeitegemea kache ya mfumo endeshi, na hakuna anayeiita ya kitoto.

Kosa kubwa zaidi ni kuamini kwamba data iliyoipita kache imeshakuwa salama. Diski nayo ina kumbukumbu yake ndani, na inaweza kujibu "nimepokea" kabla ya kuandika chochote mahali pa kudumu. Anayetaka uhakika aite fsync, na diski yenyewe iwe inaitii amri ya kumwaga kumbukumbu yake. Katika miji yetu umeme hukatika bila taarifa. Zahanati inayotunza rejesta ya wagonjwa, au chama cha akiba kinachoandika amana za wanachama, kitafaidika nini na namba nzuri ya dd? Wanachohitaji kujua ni kipi kitakachobaki umeme ukirudi.

Kwa hiyo nasema wazi: ripoti inayotaja kasi ya diski bila kutaja ukubwa wa kila ombi, maombi mangapi yalitumwa kwa pamoja, na kama fsync iliitwa, isipewe alama hata moja. Na anayekwenda kumchagulia mtu seva kwa namba ya namna hiyo, aanze kwa kumuuliza mwenye seva ataandika nini humo, kwa mafungu gani, na yuko tayari kupoteza kiasi gani. Apime hicho.