Shimo la barabara: nani atalipa?



Wote tunajua ile mufereji wazi ku njia ya soko. Mwezi uliopita, mangaribi, umeme ulikatika, na mudogo wetu mumoja wa darasa la pili akaanguka mule, akavunjika muguu. Mama yake, mwenye kuuza unga sokoni, alilipa hospitali na feza za minervali. Sasa mutoto iko nyumbani. Muguu unapona, lakini masomo yamesimama.

Tulipoenda kumuangalia, watu walisema: "Ni bahati mbaya, muachie Mungu." Sisi wa darasa la sita hatukubali. Mungu hakuchimba ile mufereji. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imeandikwa kwamba mutu akichimba shimo bila kulifunika, na ngombe ao punda akaanguka mule, mwenye shimo atalipa. Kama ni hivi kwa punda, mutoto wa mutu je?

Sheria ya inchi yetu inasema vilevile. Dekreti ya 30/07/1888, kifungu 258, inalazimisha kila mutu aliyemuletea mwenzake hasara kwa kosa lake ailipe. Kifungu 259 kinaongeza uzembe, na kifungu 260 vitu tulivyo navyo chini ya ulinzi wetu. Tena Katiba ya 2006, kifungu 3, inaufanya mji kuwa kama mutu mbele ya sheria: unaweza kushitaki, unaweza kushitakiwa pia.

Wengine watasema: meri haina feza. Wengine: ni raia walioiba kifuniko cha chuma. Pengine ni kweli, na takataka zinazoziba mifereji ni zetu pia. Lakini huyu mama anayelipa takse ya soko kila siku, yeye iko na feza kuliko mji?

Hatusemi kutupa mawe, hapana. Tunasema utaratibu. Mutu akiumia, waliomuona waandike majina yao. Shimo lipigwe foto mbele lifunikwe. Karatasi za hospitali zichungwe zote. Kisha barua kwa meri, na kopi moja ipigwe muhuri ya kupokelewa. Jibu likikosa, ndipo tribinali. Pale wataomba mambo matatu: kosa, hasara, na kamba inayofunga hasara kwa lile kosa.

Barua ya mudogo wetu tumekwisha kuiandika pamoja na mama yake. Wale waliomutoa mule mufereji, mukuje kutia sahihi mbele ya siku ya tatu. Hatutaki mashahidi ya uongo. Pengine meri haitajibu. Lakini kisha muhuri ile, haitaweza tena kusema haikujua.

Na siku ya posho, saa nane, kila mutu alete ubao moja. Mufereji haitangoja tribinali.

Kapita wa masomo, kwa jina la darasa la sita