Si kila mwenye kofia ngumu ni injinia

Pita kwenye mjengo wowote Nairobi usikie nani anaitwa "injinia". Fundi ni injinia, foremani ni injinia, hata binamu ya landlodi anayehesabu lori za kokoto naye ni injinia. Jina limekuwa la bure, na bei yake hulipwa na wapangaji.

Kisheria, jina hili si la mzaha. Baada ya digrii ya miaka mitano, Sheria ya Wahandisi ya 2011 inakutaka usajiliwe na Bodi ya Wahandisi (EBK), kisha upate uzoefu wa kazi wa angalau miaka mitatu kabla ya kutambuliwa kuwa mhandisi kamili. Vijana hulalamika kwamba safari ni ndefu. Wanaofanyishwa kazi ya mhandisi kwa malipo ya nauli tu wana haki ya kulalamika. Ila muda wenyewe, tusiuguse.

Kwani sehemu kubwa ya kazi hii huzikwa chini. Udongo mweusi wa mitaa mingi ya Nairobi hufura ukilowa na kunywea ukikauka, hadi kuta zikapasuka. Lazima upimwe kabla ya msingi kuchimbwa. Konkriti nayo hutengenezwa vipande vya majaribio, vikavunjwa kwa mashine baada ya siku 7 na 28 ili nguvu yake ijulikane. Halafu kuna kibarua kigumu kuliko hesabu zote: kumwambia mwenye pesa na haraka zake kwamba nguzo hizi ni za orofa nne, si saba.

Huruma, Aprili 2016, jengo la makazi liliporomoka usiku wa mvua na kuua watu wapatao 50. Mwaka uliofuata, daraja la Sigiri kule Budalang'i likaanguka kabla ya kukamilika, siku chache tu baada ya Rais kulikagua. Huo ulikuwa mradi wa serikali, wenye mkandarasi na makaratasi yake. Kwa hivyo sahihi pekee haitoshi. Anayeitia lazima awe na nguvu ya kusimamisha kazi bila kupigwa kalamu.

Tunaitaka kila kaunti iweke mtandaoni jina na nambari ya usajili ya mhandisi wa kila ghorofa inayojengwa, pamoja na idadi ya orofa alizoidhinisha. Mpangaji aweze kuzihesabu mwenyewe kutoka barabarani kabla ya kulipa diposti.