Nyumba ya Mkoloni: Tuibomoe, Tuiuze, ao Tuingie?

Kila mara mazungumzo yetu yakigusa nyumba za wakati wa Wabelgiji hapa Goma, nasikia sauti tatu. Wa kwanza anasema: “Tubomoe tu, ile ni alama ya fimbo.” Wa pili anasema: “Tuuze, kiwanja cha kando ya ziwa kiko na bei.” Wa tatu, na huyu ndiye msomi, anasema: “Tupake rangi, tuweke kibao cha Nyumba ya Utamaduni, mambo yamekwisha.” Mimi nawapinga wote watatu, na zaidi yule wa tatu, kwa sababu yeye anafanana sana na mimi na wewe.

Tuanze na mwenye kubomoa. Kaka, katika mji huu kazi ya kubomoa iko na mwenyewe. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilishusha moto hadi katikati ya mji, ikachukua kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, na watu elfu 120 hivi wakabaki bila nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 ikarudi tena, ikala nyumba za Buhene. Ongeza vita na uporaji. Mji kama wetu hauna haja ya kusaidiwa kusahau. Halafu fikiri kidogo: nyumba ya mkoloni ni shahidi. Shahidi akiuawa, nani anafurahi? Si aliyepigwa. Anayefurahi ni aliyepiga.

Mwenye kuuza naye ana hoja, maana njaa haijui historia. Lakini nyumba ikiuzwa, kesho yake inazungushiwa ukuta mrefu na mlango wa chuma. Wakati wa ukoloni Mwafrika alikatazwa kutembea usiku katika mtaa wa Wazungu bila ruhusa. Leo mtoto wake ataomba ruhusa kwa mlinzi ili aone ziwa lake mwenyewe. Je, huo ndio uhuru wa 30 Juni 1960? Tumebadilisha mwenye ufunguo tu, mlango umebaki umefungwa.

Sasa njoo, ndugu yangu msomi, mwenye rangi na kibao. Wewe unaamini kwamba ukoloni unatoka nyumbani siku ngoma inapoingia. Mimi nasema hapana. Inategemea ngoma hiyo inaeleza habari ya nani.

Nilipata bahati ya kutembelea Ngome ya Yesu, Mombasa, mji ambamo bandari yake inatuletea hata sisi wa Goma bidhaa nyingi. Ngome ile Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu 1696, wakaitwaa 1698, kisha watu wa ukoo wa Mazrui wakatawala humo. Waingereza wakaigeuza gereza tangu 1895 hadi 1958. Baadaye ikawa makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia. Nilifurahi kuona kwamba hawakufuta tabaka moja ili kupamba lingine. Michoro ambayo mabaharia Wareno waliacha ukutani iko, nyumba ya Waomani iko, na vitu vilivyotolewa katika merikebu ya Kireno iliyozama pale mwaka 1697 viko. Ukitembea ndani, unaelewa kwamba ngome si ya Mreno peke yake. Ni ya wote walioteseka humo na wote walioipigania.

Lakini hata pale swali moja lilinifuata hadi nje. Jina la Cairati tunalijua baada ya miaka zaidi ya mia nne. Nani kati yetu anajua hata jina moja la mtu aliyevunja yale matumbawe na kuyabeba kichwani? Tunapiga picha mizinga, tunarudi nyumbani. Kosa hilo ni la sisi wageni: tunaingia katika nyumba kubwa, tunauliza ni ya nani, hatuulizi nani aliijenga.

Hapa kwetu swali hilo ni chungu zaidi. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni iliweka kilimo cha lazima, siku 60 kwa mwaka; wakati wa Vita ya Pili ya Dunia zikaongezwa hadi 120. Mwaka 1928 ikazaliwa Kamati ya Taifa ya Kivu, ile CNKi, ikapewa mamlaka juu ya ardhi kubwa ya wazee wetu. Zile nyumba zenye baraza pana na bustani hazikuota sawa uyoga. Zilisimama juu ya jasho na juu ya mashamba ya watu. Ukipaka rangi bila kueleza jambo hilo, hujaondoa ukoloni, umeufanyia usafi.

Mwenye shaka aangalie Tervuren, Ubelgiji. Mwaka 1897 Leopold II aliwapeleka kule Wakongo 267 ili Wazungu wawatazame. Saba wakafa, wakazikwa kule. Makumbusho makubwa yaliyofunguliwa pale mwaka 1910 yalijaa vitu vyetu, na kwa miaka mingi yalieleza sifa za waliotutawala. Yalifungwa 2013 kwa matengenezo, yakafunguliwa tena Desemba 2018. Kufikiri upya nyumba moja kumewachukua zaidi ya miaka mia. Kisha Juni 2022 mfalme Philippe akaleta Kinshasa barakoa ya Kakuungu ya Wasuku. Aliileta kwa mkopo! Mwenye mali anakopeshwa mali yake, na sisi tunapiga makofi.

Lakini Goma si mji wa wajinga. Pale mzungukoni tumesimamisha sanamu ya tshukudu yenye rangi ya dhahabu. Hatukuweka jenerali wala waziri. Tuliweka mtu anayesukuma mzigo! Mji unaojua kumheshimu mbebaji barabarani unawezaje kumsahau mara tu unapoingia ndani ya nyumba ya Mbelgiji?

Basi nasema hivi. Nyumba hizo zilizobaki tusizibomoe, tusiziuze. Zipewe watu, lakini kwa masharti.

Kwanza, ukutani yaandikwe majina ya wajenzi na ya waliofukuzwa kwenye shamba lile, kabla ya jina la msimamizi Mbelgiji. Majina yakikosekana, iandikwe kazi yao: wachonga mawe, wapishi, wabeba mizigo.

Pili, maelezo yawe kwa Kiswahili na kwa lugha za wazee wetu, Kifaransa kifuate. Mama wa soko la Virunga akiingia asihitaji mkalimani ili asome habari ya babu yake.

Tatu, mlango uwe wazi kila siku, si siku ya mapokezi ya wakubwa na vinywaji tu. Kule Unguja, Ngome Kongwe ya Waomani nayo ilipata kuwa gereza. Lakini tangu 2004, kwa miaka mingi, vijana wamepiga muziki humo katika tamasha la Sauti za Busara. Vijana wetu nao wanacheza ngoma, wanaigiza, wanachora; wanachokosa ni fasi.

Nne, na hili ni letu sisi walimu: tusingoje serikali ao mradi wa Wazungu. Mwanafunzi mmoja aliniuliza: “Mwalimu, ile nyumba iko ya bazungu, tunaichunga juu ya nini?” Nilimjibu: juu babu yako aliijenga na hakulipwa. Darasa zima likanyamaza. Siku hiyo walijifunza historia kuliko kwa kurasa kumi za kuandika ubaoni.

Mtasema: watu wako kambini, wewe unaleta mambo ya kuta. Ndiyo, na nimefundisha watoto wa kambi. Mtoto aliyepoteza nyumba ndiye anayeuliza zaidi kuliko wote alitoka wapi. Mkate anauhitaji, na jibu analihitaji.

Lakini tuharakishe. Aliyezaliwa 1950 sasa amepita miaka 75. Wazee walioona fimbo kwa macho yao wanatuacha kila mwezi. Kila darasa lichukue daftari, liende kwa mzee mmoja, limuulize: ile nyumba, nani aliijenga? Na jina atakalolitaja, liandikwe.