Kabla ya Simu Nyingine, Pita kwa Fundi

Siku moja nilikaa kwenye benchi la fundi simu Kariakoo, Dar es Salaam, nikisubiri mdomo wa chaji wa simu yangu ubadilishwe. Kabla yangu alikuwapo mama mmoja, muuza vitenge, na simu ya miaka mitatu iliyokuwa ikifika asilimia 30 inazima yenyewe. Alikuwa ameshachukua mkopo kwenye kikoba chake anunue nyingine, na pale alipita tu kuuliza kama hiyo kuukuu itapata mteja. Fundi akaifungua, akamwonyesha betri iliyoanza kuvimba, akaweka nyingine. Haikuchukua saa nzima. Simu ikawaka, chaji ikakaa. Mama akaigeuzageuza mkononi, kisha akasema taratibu, "Kumbe ilikuwa haijafa."

Ndugu zangu, tunazika simu zilizo hai, na tunakopa ili tuzizike.

Desturi ya kubadili simu kila baada ya miaka miwili ilitoka mbali. Kule Marekani, kwa miaka mingi, kampuni za mitandao zilimpa mteja simu kwa bei ya chini na kumfunga kwa mkataba wa miaka miwili. Mkataba ukiisha, anachukua nyingine. Wengi wetu hapa tunanunua kwa fedha taslimu, au kwa kulipa kidogo kidogo kila siku mpaka deni liishe. Mkataba ule hatukuwahi kuusaini, lakini kalenda yake tunaifuata. Wapo wanaomaliza rejesho la simu wiki hii na wiki ijayo wanaanza la nyingine, bila kuonja hata mwezi mmoja wa kutumia simu isiyodaiwa.

Hebu tuangalie simu inazeeka wapi. Betri huchoka, maana kila mzunguko wa chaji huipunguzia nguvu kidogo, na joto letu la pwani huharakisha uchovu huo. Kioo hupasuka. Mdomo wa chaji hulegea. Nafasi hujaa video za makundi ya WhatsApp, simu ikaanza kukwama, nasi tukasema imekuwa nzito. Yote haya yana dawa. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizime ghafla, na baada ya malalamiko ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Wangapi walikuwa wameshatupa simu zao wakiamini zimezeeka, kumbe ni betri tu?

Kipo kitu kimoja ambacho fundi wa mtaani hawezi kukirekebisha, nacho ni masasisho ya usalama. Kampuni ikiacha kuyatuma, matundu mapya yanayogunduliwa kwenye mfumo hubaki wazi. Kwetu jambo hili ni zito, kwa sababu simu ndiyo pochi: M-Pesa, Airtel Money, akaunti ya benki, mchango wa msiba. Kwa hiyo sisemi mtu abaki na simu moja mpaka imfie mkononi. Nasema sababu ya kubadili iwe ya kweli: masasisho yameisha, au kipuri hakipatikani, au kazi uliyo nayo imeishinda simu hiyo hata baada ya kuitengeneza. Toleo jipya kuonekana mkononi kwa jirani si mojawapo. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao.

Najua kinachowazuia wengi kwenda kwa fundi ni hofu ya picha na siri zao, na hofu hiyo ni ya haki. Hamisha picha zako kwanza, toa laini, keti hapo hapo mpaka kazi iishe, na namba yako ya siri usiiache kwenye karatasi ya mtu. Fundi mwaminifu hatakasirika. Nasi tumlipe ipasavyo bila kumbana mpaka atafute kioo cha bei ya chini kitakachokufa baada ya mwezi.

Hayo ni ya simu. Kwa kompyuta, hatua inayohitajika ni ya pamoja zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai kinga iitwayo TPM 2.0 na prosesa ambazo kwa sehemu kubwa ni za kuanzia mwaka 2018, na kompyuta nyingi za mtumba zilizo kwenye shule na ofisi zetu ndogo ni za kabla ya hapo. Mashine hizi bado zinawaka, zinaandika, zinachapa. Nyingi zinahitaji kutolewa diski ya zamani inayozunguka na kuwekewa SSD, kuongezewa RAM, na kuwekewa mfumo wa Linux, ambao haulipiwi leseni na unaendelea kupata masasisho. Baadhi ya programu za uhasibu hazitakubali huko, kwa hiyo ijaribiwe mashine moja kwanza. Wito wangu kwa kamati za shule, wazazi na wahitimu wa vyuo vya ufundi vya VETA wanaojua elektroniki: kabla shule haijaandika barua ya kuomba kompyuta mpya, tengeni Jumamosi moja mzifungue hizo zilizopo.

Tusisahau pia mwanzo na mwisho wa vitu hivi. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, inayotumika kwenye betri, huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mchimbaji wa Kolwezi huko anaongea Kiswahili kama sisi. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na haikufika hata robo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu. Nyingine huishia madampo, waya zikichomwa moto ili ipatikane shaba, na anayevuta moshi ule ni kijana wa kwetu. Betri iliyovimba usiitoboe wala usiitupe kwenye pipa la nyumbani, mpelekee fundi.

Na serikali tuiombe kile ambacho wenzetu wameshakipata. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingia sokoni katika Umoja wa Ulaya lazima ziwe na betri inayobaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800 ya chaji. Vipuri vipatikane kwa miaka 7 baada ya toleo kuacha kuuzwa, na masasisho ya mfumo kwa angalau miaka 5. Lebo ya simu hizo inaonyesha, kwa herufi A mpaka E, simu inatengenezeka kwa urahisi kiasi gani. Hapa kwetu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchi nzima Juni 2016. Mamlaka iliyoweza hilo inaweza pia kudai kila boksi linaloingia bandarini liandikwe mwaka wa mwisho wa masasisho. Wabunge wetu waulizwe hili wanapokuja majimboni, na vikoba vyetu vianze kukopesha matengenezo kama vinavyokopesha simu mpya.

Wakati tunasubiri sheria, kila anayeingia dukani amuulize muuzaji: "Simu hii itapata masasisho ya usalama mpaka mwaka gani?" Muuzaji asipojua, mwombe ampigie msambazaji wake wakati umesimama pale. Mteja mmoja akiuliza, muuzaji atamwona msumbufu. Wakiuliza kumi kwa siku, kuanzia mtaa wa Aggrey mpaka Msimbazi pale Kariakoo, atalitafuta jibu kabla hajaagiza mzigo mwingine.