Stempu Katika Sanduku la Bati

Msomaji wetu mmoja wa Mwiki atuuliza kama ni vema mwanawe kubandua stempu za barua za marehemu babu yake, zilizokaa miaka mingi katika sanduku la bati. Kijana ameambiwa na wenzake kwamba stempu kuukuu huleta fedha. Ndugu, mzuie kwanza asizitie majini!

Zamani, katika Uingereza, aliyelipia barua kwa kawaida ni yule aliyeipokea, tena kwa kadiri ya umbali na hesabu ya karatasi. Maskini aliweza kuikataa barua ya mwanawe kwa kukosa fedha. Bwana Rowland Hill akashauri mpelekaji alipe kwanza, bei moja nchini kote. Na tarehe 6 Mei 1840 stempu nyeusi ya peni moja ikaanza kutumika.

Kwetu Kenya stempu zilifika mwaka 1890. Kampuni iliyotawala wakati ule ilichukua stempu za Uingereza, ikazipiga chapa ya jina lake na bei kwa anna.

Lakini sisi twazistaajabia zaidi zile za Uganda. Mwaka 1895 hapakuwa na kiwanda cha kuzichapa, basi Padre Ernest Millar wa misheni ya C.M.S. akaketi mbele ya taipureta yake, akapiga herufi U na G, na katikati hesabu ya kauri, maana watu walinunua na kuuza kwa kauri; 200 zilikuwa rupia moja. Karatasi ilikuwa nyembamba, na stempu zikakatwa kwa mkono. Leo ni za thamani kubwa, na wadanganyifu wamezighushi mara nyingi.

Bahasha ya msomaji wetu ina stempu ya mwaka 1935, yenye jahazi la Ziwa Victoria na majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Stempu kama hiyo si adimu, wala haitamnunulia kijana hata mbuzi. Ila juu yake umo muhuri wa posta ya Thika, pamoja na tarehe. Ukiibandua, nusu ya muhuri yabaki kwenye bahasha, na hapana tena ajuaye mzee alikuwa wapi siku ile.

Basi bahasha ziachwe nzima, mahali pakavu, mbali na jua na mchwa. Kijana akitaka kukusanya, aanze na stempu za Kenya huru, zilizotolewa tangu tarehe 12 Desemba 1963, ambazo hazijabandikwa barua ya mtu.