Stesheni Ndogo Nayo Ina Haki Yake



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme neno juu ya stesheni ya Soga, iliyo humu humu wilayani kwetu Kibaha.

Wengi wetu twazijua stesheni kubwa za Dar es Salaam na Dodoma, kwani ndizo zinazopigwa picha. Lakini reli si miisho yake miwili tu. Jiwe la msingi la reli mpya liliwekwa Pugu tarehe 12 Aprili, 2017, na abiria wakaanza kuchukuliwa mpaka Morogoro tarehe 14 Juni, 2024. Katikati ya njia hiyo zimejengwa stesheni za Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Wazee wetu waliliita gari la moshi. La leo huvutwa kwa umeme, moshi halina, na njia yake imejengwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa.

Je, mwendo huo wamfaa nini mkulima, au mwanafunzi wa bweni? Soga haiko kando ya barabara kuu ya Morogoro. Atokaye Mlandizi au Maili Moja hana budi kufanya safari nyingine kabla ya kuifikia. Muda aliouokoa garini huupoteza akitafuta pikipiki, na gharama yake huzidi.

Wako wasemao kwamba gari likisimama kila mahali litachelewa, na kwamba abiria wa stesheni ndogo ni wachache. La kwanza lina jibu: yako magari ya haraka na ya kawaida, mwenye haraka na apande lake. La pili ni sawa na kufunga mlango kisha kulalamika kuwa wageni hawaji.

Siku ya kufunga shule sisi wa bweni husimama barabarani na masanduku na magodoro yetu, na makondakta hutupita, kwani mwanafunzi mwenye sanduku hana faida kwao. Wadogo wa Kidato cha Kwanza hufika kwao usiku, na wazazi huwa na hofu.

Kwa hiyo natoa maoni matatu. Kwanza, daladala zipangiwe kufika Soga kwa saa za gari. Pili, ratiba ibandikwe katika kila shule. Tatu, wakuu wa shule wapeleke mapema hesabu ya wanafunzi watakaosafiri, ili tusafiri pamoja chini ya mwalimu mmoja.

Haya yawahusu pia wenzetu wa Kisarawe, ambao mlango wao wa reli ni Pugu. Wala hayahitaji kujenga stesheni nyingine. Yataka waliopo wakae pamoja wapatane. Sisi tutakaomaliza mwaka huu huenda tusifaidi, lakini wadogo zetu watafaidi.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne